Namba Chini ya Mitutu: Nasaba ya Bunduki za Kuwindia Katika Kivu

Mtu akiletewa bunduki kuukuu ya kuwindia, ile ambayo Bukavu nzima huiita kalibre 12, jicho lake hukimbilia juu ya mitutu, mahali palipochorwa jina la mtengenezaji kwa herufi za madaha. Hapo ndipo pa kuangalia mwisho. Jina la juu liliandikwa ili bunduki iuzike. Katika karne ya 19 mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliuza bunduki dunia nzima, na baadhi yao hawakuona haya kuzichora majina yaliyofanana na ya Waingereza wenye sifa. Nyumba ya Westley Richards ya Birmingham, iliyoanza kazi mwaka 1812, ilijikuta sokoni pamoja na bunduki za Kibelgiji zilizoandikwa "W. Richards". Mnunuzi asiye na mazoea alilipia herufi akidhani amelipia ufundi.

Ukweli uko chini. Kwanza hutolewa kipande cha mbao kinachoshikwa kwa mkono wa mbele, kisha bunduki hufunguliwa kama ya kutiwa risasi, mitutu ikachomolewa kwenye bawaba yake na kugeuzwa tumbo juu. Karibu na chemba pana sehemu bapa ya chuma. Kitambaa chenye mafuta kikipita hapo mara mbili tatu, zinaibuka alama ndogo ndogo ambazo mwenye bunduki huenda hajawahi kuziona maishani mwake: herufi ELG ndani ya mviringo wa yai, taji juu yake, nguzo nyembamba, simba mdogo, namba 12 na herufi C ndani ya umbo la almasi, kisha tarakimu kama 18.3 na nyingine kama 1K432.

Kila alama ina kazi yake. Mviringo wa ELG ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, ambako kila bunduki ilifyatuliwa kwa baruti nyingi kupita kawaida ili mtutu dhaifu upasukie huko na usije kumpasukia mwenyewe. Mji ule ulianza kudai majaribio ya namna hiyo mwaka 1672. Muhuri wa ELG ulikuja mwaka 1810, Liège ilipokuwa chini ya Ufaransa ya Napoleon, na taji likaongezwa juu yake mwaka 1893. Kwa hiyo mviringo usio na taji unaipeleka bunduki nyuma ya mwaka huo. Nguzo ni perron, mnara wa mawe unaosimama mjini Liège hadi leo, nayo ni sahihi ya mkaguzi. Simba aliye juu ya herufi PV anasema kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyotoa moshi. Tangu mwaka 1922 nyumba hiyo iliongeza herufi moja kwa kila mwaka, na anayeijua orodha ya herufi hizo anapata mwaka wa jaribio bila kubahatisha. Namba 18.3 ni upana wa tundu kwa milimita, na 1K432 ni uzito wa mitutu: kilo moja na gramu 432.

Uzito huo unastahili kupewa muda. Mitutu ikiwekwa leo kwenye mizani na kuonekana nyepesi kwa gramu nyingi kuliko uzito uliogongwa pale, basi kuna aliyeichonga, aliyeipanua ndani au aliyeikata mdomo. Chuma kinajishuhudia chenyewe, miaka 90 baada ya fundi kuweka nyundo yake chini.

Mhadhara huu unafuata safari ya kutoka kwenye namba hadi kwa mtu, na hoja yake ni moja. Katika Kivu chuma kimetunza kumbukumbu vizuri kuliko madaftari, na sehemu kubwa ya majina yaliyokosekana katika madaftari hayo ni majina ya watu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu.

Ili kuona kwa nini yalikosekana, inabidi kurudi Brussels, tarehe 2 Julai 1890. Siku hiyo ulitiwa saini Mkataba Mkuu wa kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu yake nzito ilihusu silaha. Mataifa yalichora ukanda kutoka digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, bahari hadi bahari, Kongo yote ikiwa ndani, na kupiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa humo. Zilizoruhusiwa kuuzwa zilikuwa magobori ya gumegume yenye mtutu laini, pamoja na baruti ya biashara. Bunduki bora ilipewa mtu mwenye dhamana ya kutosha, aliyeahidi kutoigawa wala kuiuza. Kisha likaja sharti ambalo ndilo chanzo cha somo hili kwa upande wa Afrika: kila silaha ya aina hiyo iandikwe katika daftari, igongwe chapa, na mwenyewe apewe kibali chenye jina lake na chapa hiyo, kidumu miaka mitano.

Matokeo yake yalidumu kuliko mkataba wenyewe. Mzungu alikuwa na namba, chapa na karatasi. Mwafrika alikuwa na gobori lisilo na namba, au hakuwa na kitu. Baadaye, chini ya utawala wa Ubelgiji, bunduki ambayo mwenyeji aliruhusiwa kuwa nayo ilikuwa kwa kawaida ile ya fataki, ya kushindiliwa kutoka mdomoni. Hivyo mtafiti anayefungua karatasi za zamani leo akitafuta nani alimiliki nini anakutana na ukoo wa upande mmoja tu. Historia nyingine ya silaha hizo ilipita mlango wa nyuma.

Na ilikuwa historia kubwa. Kabla ya Wabelgiji, bunduki zilipanda kutoka Unguja na Bagamoyo kupitia Tabora na Ujiji hadi Kasongo na Nyangwe, katika misafara ya watu kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alipewa uwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Tippu Tip aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na bunduki zimo humo tele, kama mali, kama zawadi, kama hoja ya mwisho. Mwaka 1893 jeshi la Francis Dhanis, kamanda wa Leopold, lilipoitwaa Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, silaha za mji mzima zilibadili mikono bila mtu kuandika ipi ilikuwa ya nani. Gobori la Maniema lililobaki katika nyumba ya ukoo fulani, hata kama mtutu wake umeziba kwa kutu, ni shahidi wa miaka hiyo.

Vivyo hivyo pupu, bunduki ambazo wahunzi wa vijijini wametengeneza kwa bomba la chuma na mbao ya hapa hapa. Wakusanyaji wa Ulaya huzipita bila kuzitazama. Wanakosea. Pupu haina namba, lakini ina mkono: namna mhunzi alivyofunga waya wa shaba, alivyokata kitako, alivyotoboa tundu la fataki. Anayezitazama nyingi huanza kutambua karakana.

Walowezi walipokuja kwa wingi hadithi iligeuka. Comité National du Kivu iliundwa mwaka 1928 na kugawa ardhi kwa mashamba ya kahawa, chai na kwinini. Bukavu, mji wa ziwani, uliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950. Mlowezi alishuka na masanduku yake, na ndani ya mojawapo, mara nyingi, ilikuwamo bunduki ya mitutu miwili. Wengi walinunua kwao: kazi ya Auguste Francotte, ya Lebeau-Courally, au ya Fabrique Nationale ya Herstal, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1889 kandokando ya Liège. Huko Herstal ndiko Mmarekani John Moses Browning alikotengenezewa bunduki yake ya kujijaza yenyewe, Auto-5, na ndiko alikofia mwezi Novemba 1926 akiwa kazini. Bunduki yake ya mwisho, yenye mtutu mmoja juu ya mwingine, iliingia sokoni mwaka 1931 na bado inaitwa B25. B25 ya miaka ya mwanzo, ikiwa na nakshi zake na kasha lake, ni kitu ambacho mkusanyaji wa leo huvuka bahari kukitafuta.

Bunduki hizo zililala upande wa Ibanda, katika nyumba zinazotazama ziwa. Waliozisafisha walilala Kadutu. Kadutu ilikua kama mtaa wa wenyeji walioletwa mjini na kazi: wapishi, boyi, makarani, maseremala, madereva, waliotoka Kabare, Ngweshe, Bunyakiri, Shabunda na Maniema. Alfajiri walipanda na kushuka vilima kwenda kwa waajiri wao, na baadhi yao walikuwa ndio waliojua ufunguo wa kabati la bunduki unakaa wapi, mtutu upi unavuta kulia, kitako kilipasuka siku gani na nani alikiunga. Hakuna daftari la mkoloni lililowauliza.

Mfano wa mbali kidogo unaonyesha jinsi pengo hilo lilivyo na uzito hata katika soko la fedha. Mwezi Oktoba 2010, huko Maine, Marekani, nyumba ya mnada ya James D. Julia iliuza bunduki moja ya kalibre 12 kwa dola 862,500. Ilikuwa kazi ya kampuni ya Ansley H. Fox ya Philadelphia, nzuri bila shaka, lakini Fox nzuri zipo nyingine na haziikaribii bei hiyo. Iliyouzwa ilikuwa zawadi ya kampuni kwa Theodore Roosevelt, aliyetoka tu kwenye urais, kwa ajili ya safari yake ya Afrika. Roosevelt alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, akazunguka Kenya na Uganda, na mwezi Januari 1910 kambi yake ilikuwa Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, akiwinda vifaru weupe. Lado wakati huo ilikuwa bado chini ya utawala wa Kongo. Ilikabidhiwa Sudan mwezi Juni mwaka huo huo. Bunduki ile ghali imekanyaga, kwa hiyo, ardhi iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ya Kongo.

Kilichoipandisha bei ni mnyororo usiokatika. Kuna barua kati ya Roosevelt na kampuni iliyomtunuku. Kuna kitabu chake, *African Game Trails*, kilichotoka mwaka 1910, ambamo safari nzima imesimuliwa. Kuna picha. Mtu akiweka kidole kwenye namba ya bunduki anaweza kukipitisha hadi kwenye mkono wa rais bila kuruka pengo.

Ila mkono wa rais haukuwa pekee. Bunduki za safari ile zilibebwa, zilifunguliwa, zilisuguliwa na kutiwa mafuta kila jioni na watu waliozungumza Kiswahili, na Roosevelt, kwa heshima yake, aliwataja baadhi yao kwa majina: Bakari, Gouvimali, Kongoni, na Kassitura wa Busoga, aliyekuwa na Kermit, mwana wa Roosevelt. Majina hayo yamo kitabuni, yamechapwa, yanasomeka. Hata hivyo bunduki kama hizo zikiuzwa, ukoo unaotangazwa huanzia kiwandani na kwenda kwa mwenye mali, kana kwamba chuma kilitembea chenyewe kutoka Mombasa hadi Khartoum. Laiti watoto na wajukuu wa Bakari wangeulizwa mapema, historia ya silaha zile ingekuwa na sura ya pili.

Hapa Kivu watoto na wajukuu wa watu wa namna hiyo wapo, na wengine wanasikiliza mhadhara huu.

Kuhusu nyaraka, hali si sawa kila mahali. Nyumba kubwa za London, Purdey iliyoanza mwaka 1814 na Holland & Holland ya mwaka 1835, ziliandika katika leja zao kila bunduki na mteja wake, na kwa namba tu mtu anaweza kuelezwa nani aliiagiza na lini. Leja za Winchester ziko katika makumbusho ya silaha ya Cody, jimbo la Wyoming, ambako barua ya uthibitisho hutolewa kutokana na rekodi za kiwanda. Liège ni tofauti. Kazi nyingi ilifanyika majumbani: huyu anatoboa mitutu, yule anachonga kitako, mwingine anachora nakshi, na mfanyabiashara anakusanya vipande na kuweka jina lake. Karakana ikifungwa, leja ilipotea. Ndiyo maana alama za chini ya mitutu ni muhimu mno kwa bunduki za Kibelgiji, ambazo ndizo zilizojaa Kongo. Mara nyingi ndizo karatasi pekee zilizobaki.

Madaftari ya Bukavu nayo yamepita motoni zaidi ya mara moja. Mwaka 1964 vita ya waasi wa Mulele ilifika mjini. Kuanzia Agosti hadi Novemba 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji, na walowezi waliokuwa wamebaki wakavuka Ruzizi. Mwenye bunduki siku hizo alikuwa na njia chache: kuvuka nayo, kuikabidhi kwa leta, yaani serikali, kumwachia rafiki au padri, au kuifukia. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza Zairianisation, yaani kutwaliwa kwa mali za wageni, na mashamba yakabadili wenyewe pamoja na vyote vilivyokuwa kabatini. Mwezi Oktoba 1996 waasi wa AFDL waliingia; Juni 2004 walikuja wanajeshi walioasi wa Nkunda na Mutebutsi; Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Kila mara ofisi zilivunjwa, makabrasha yakatawanyika, mengine yakaishia kuwashia makaa.

Lakini watu wa Bukavu wanahesabu miaka kwa mambo hayo hayo. Mzee akiulizwa tarehe atakosa. Akiulizwa kama ilikuwa kabla ya Schramme au baada yake, atajibu papo hapo. Anayefuatilia bunduki hana budi kujifunza kalenda hiyo. Na maswali yanayozaa ni ya vitu vidogo. "Mzee, bunduki ya baba Mzungu ilifungiwa wapi?" "Ufunguo alikuwa nao nani?" "Risasi zilikuwa na ganda la rangi gani?" "Siku walipoondoka, kabati liliachwa wazi?" Swali la ufunguo hufungua mengi: aliyeaminiwa kuushika ndiye aliyejua bunduki ilikokwenda.

Kisha ushahidi wa mdomo unapelekwa kwenye chuma. Msimulizi akisema bunduki ililetwa na mlowezi mwaka 1930 na herufi ya jaribio ikaonyesha mwaka wa baada ya vita kuu ya pili, basi ama bunduki si ile, ama mitutu ilibadilishwa. Namba ya mitutu, ya mwili na ya ule ubao wa mbele inatakiwa ilingane. Zikitofautiana, kitu kilichoko mezani kimeunganishwa kutoka viwili au vitatu. Kitako huzungumza pia. Cha asili huwa cha mti wa jozi wa Ulaya. Kikiwa cha libuyu, kimechongwa Kongo, na huenda kilichongwa na seremala wa Kadutu kwa kutazama kile kilichovunjika. Soko la wakusanyaji hukata bei kwa ajili ya kitako cha namna hiyo. Kwa mwanahistoria ni faida tupu, maana hapo ndipo mkono wa mtu wa Kivu ulipoingia katika ukoo wa bunduki ya Liège.

Tahadhari moja ya usalama ni lazima itajwe. Mitutu mingi ya kale ilisukwa kwa fito za chuma na pua zilizopindwa pamoja, ile inayoitwa damasi, yenye mawimbi mazuri juu yake. Iliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Kuitia risasi ya leo ili "kujaribu kama inafanya kazi" ni kuomba mtutu upasuke usoni. Bunduki ya aina hiyo inasomwa, haifyatuliwi.

Sheria nayo haina mzaha. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo iliyoweka utaratibu wa silaha na risasi nchini, na silaha bila kibali ni kosa, iwe ya urithi au ya kununuliwa. Hakuna uzuri wa nakshi unaoondoa sharti hilo, hasa katika jimbo ambalo bunduki imeua watu wengi kiasi hiki. Mhadhara huu hauhimizi mtu yeyote kutafuta silaha, kuinunua wala kuificha. Unahimiza kuandika.

Maana ujuzi wa kusoma chuma una kazi nzito kuliko minada. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 inazitaka serikali za eneo hili kuzichapa alama silaha na kutunza rekodi zake. Hati ya Umoja wa Mataifa ya kufuatilia silaha ilipitishwa Desemba 2005. Mkataba wa Kinshasa kuhusu silaha ndogo ulipitishwa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2017. Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo, lililoundwa mwaka 2004, linatumia njia ile ile ya mkusanyaji: picha ya alama, namba, barua kwa kiwanda, jibu kuhusu aliyeuziwa. Kijana wa Kadutu anayejifunza kutofautisha ELG yenye taji na isiyo na taji ameshika mwanzo wa uzi huo huo.

Hapo ndipo penye uchungu pia. Katika zoezi la kukusanya silaha, kama lile la PAREC, shirika la Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, huko Katanga, ambako watu walibadilisha bunduki kwa baiskeli, lengo lilikuwa amani, na lilikuwa lengo jema. Silaha iliyokusanywa inatakiwa iharibiwe, wala hakuna sababu ya kulilia chuma. Kinachostahili kuliliwa ni silaha inayokatwa bila kuandikwa. Dakika kumi zinatosha: picha tatu, namba, alama za chini ya mitutu, na maneno machache ya aliyeileta. Baada ya msumeno, hakuna anayeweza kurudisha hayo.

Kwa bunduki iliyotoka kwa walowezi, karatasi nyingine zinaweza kuwa Ubelgiji. Nyaraka za utawala wa kikoloni, zilizojulikana kama Archives africaines, ziko Brussels. Na Liège kuna makumbusho ya Grand Curtius yenye mkusanyiko mkubwa wa silaha za mji ule. Barua inayotoka Bukavu ikiwa na namba kamili na picha safi ya alama itajibiwa vizuri kuliko barua inayosema "bunduki ya zamani ya Mzungu". Kwa hiyo kazi inaanzia hapa, na vyombo vyake si ghali: daftari la mistari, kalamu, mizani ya sokoni iliyopimwa vizuri, rula ya milimita, simu yenye kamera. Safu za daftari ni namba za sehemu zote tatu, alama kama zilivyo bila kuzitafsiri kwanza, uzito wa mitutu, urefu wake, mbao ya kitako, kibali kama kipo, jina la aliyekuwa na kibali, jina la aliyekuwa na ufunguo, jina la aliyeunga kitako, na jina la anayesimulia pamoja na mtaa wake. Safu nne za majina, kwa hiyo. Madaftari ya zamani yalikuwa na moja.